Subaru Turbo Iliyochezewa Inatetemeka na Kuzima Ikiwa Sailensi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo

Gari linavuta vizuri barabarani, busti (presha ya turbo) inapanda, lakini ukifika kwenye taa, injini ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, sindano ya RPM (mizunguko kwa dakika) inaanza kucheza: 900, 500, 800, kisha zii. Unawasha tena, linawaka, linarudia. Kwenye Impreza WRX na Forester zenye injini ya EJ20 turbo zilizofungwa vitu vipya, malalamiko haya ni ya kawaida mno, na kawaida mmiliki amekwisha kununua plagi, koili na hata pampu ya mafuta kabla mtu hajampimia chochote.

Mwongozo huu umeandikwa kwa EJ20 yenye sensa ya MAF, ile inayopima hewa kwenye bomba baada ya filta. Kanuni zake zinafaa injini yoyote ya petroli inayotumia MAF. Vipimo na majina ya sehemu ndivyo vya kubadilisha.

Kwa nini sailensi ndiyo huumbuka kwanza

Kompyuta ya injini haioni hewa. Inaambiwa na MAF, kisha inapiga hesabu ya mafuta. Injini ya lita 2.0 iliyopata joto, ikiwa sailensi, huvuta takriban gramu 3 za hewa kwa sekunde. Ukikanyaga hadi mwisho inafika gramu 200 hivi. Sasa weka hosi iliyopasuka inayoingiza gramu 0.6 bila kupita kwenye MAF. Kwenye sailensi hiyo ni sehemu ya tano ya hewa yote, na injini inakosa mafuta hadi inatikisika. Kwenye gramu 200 ni kitu kisichoonekana.

Ndiyo maana "linavuta vizuri" si ushahidi kwamba injini ni nzima. Na ndiyo maana swali la kwanza kwenye injini iliyochezewa si "kipi kimeharibika?" bali "ni hewa gani au mafuta gani ambayo kompyuta haijaambiwa?"

Kabla ya kushika spana, andika kila kilichobadilishwa na tarehe yake: filta, bomba la hewa, BOV (valvu inayoachia presha ya turbo ukiachia mafuta), injekta, flaiwili, kamshafti, ekzosi, programu ya ECU (kompyuta ya injini), catch can (chombo cha kunasa oili kwenye hosi za kupumulia injini). Tatizo lililoanza wiki ileile kilipofungwa kitu hukaa kwenye kitu hicho au kwenye hosi iliyochomolewa ili kukipitisha. Hilo la hosi husahaulika sana.

Usiiache nje ya orodha relei ya alamu au ya kifaa cha kufuatilia gari. Mafundi wengi huikata waya ya pampu ya mafuta na kuiunga kwa kuzungusha tu na kufunika kwa tepu. Gari linalozima ghafla kama limezimwa na funguo, bila kutetemeka kwanza, likaguliwe hapo mapema.

Linazima vipi?

Namna linavyozima inakuonyesha pa kuanzia:

- Linazima ukiachia mafuta na kukanyaga klachi, hasa baada ya busti: BOV inayotoa hewa nje, flaiwili nyepesi, au valvu ya sailensi iliyojaa uchafu.
- Linatetemeka muda wote likiwa sailensi, likifika RPM 2,500 linatulia: hewa inaingia baada ya throtobodi (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta).
- Linatetemeka kwenye sailensi na likiwa na mzigo pia: plagi, koili, injekta moja, au kompresheni.
- Linazima likiwa la moto, halikubali kuwaka, likipoa dakika 20 linawaka: sensa ya krenki, koili au pampu ya mafuta.
- Linazima ukiwasha AC na taa: valvu ya sailensi, chaji ndogo, au programu ya injekta kubwa isiyo sahihi.
- Ulisikia "puu!" ukiwa kwenye busti, likazima palepale: hosi ya intakula (kipoza hewa ya turbo) imechomoka. Irudishe, kaza klampu, endelea na safari.

Tahadhari moja ya masikio: ule mlio wa "bugubugu" wa Subaru hutokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana, si mis (silinda kushindwa kuwaka). Ukifunga hedazi za urefu sawa mlio hupotea, na wapo wanaodhani wameharibu gari. Mis ya kweli unaihisi kwenye kiti na kwenye usukani.

Soma kompyuta, usisome misimbo tu

Magari mengi ya soko la Japani, hasa ya zamani, hayaelewani na kile kifaa cha bei nafuu cha kusomea misimbo cha ELM327. Yanatumia lugha ya Subaru yenyewe. Kompyuta mpakato yenye programu ya FreeSSM na kebo ya KKL inatosha kwa mengi. RomRaider na kebo ya Tactrix hukupa rekodi nzuri zaidi.

P0301 hadi P0304 inataja silinda inayomisi. P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta, P0172 ni kinyume chake. P0335 ni sensa ya krenki, P0340 ya kamshafti, P0506 sailensi iko chini kuliko inavyotakiwa, P0507 iko juu. Ila msimbo hukuambia kompyuta inalalamika nini, haukuambii kwa nini. P0171 peke yake imewauzia watu sensa za oksijeni wasizozihitaji.

Rekodi dakika tatu injini ikiwa ya moto, kulanti nyuzi 80 au zaidi, AC imezimwa, kisha dakika mbili ukishikilia RPM 2,500. Vitu vya kurekodi: RPM, gramu za MAF, joto la kulanti, volti za betri, taiming, na masahihisho mawili ya mafuta. Masahihisho ya papo hapo yameandikwa A/F Correction, na yale ambayo kompyuta imeyahifadhi yameandikwa A/F Learning. Jumlisha yote mawili. Kati ya −5 na +5 ni safi; hadi 10 inavumilika; zaidi ya hapo kuna kitu.

Kisha linganisha. Jumla ya +18 kwenye sailensi na +2 kwenye 2,500 ni uvujaji wa hewa, usitafute kingine. Ikiwa +15 mahali pote, MAF inapima kidogo au presha ya mafuta iko chini. Ikiwa −15 kwenye sailensi pekee, fikiria injekta inayovuja, programu ya injekta, au BOV. ECU nyingi za Subaru huhifadhi masahihisho kwa mafungu manne ya hewa: gramu 0 hadi 5.6, 5.6 hadi 10, 10 hadi 40, na kuanzia 40. Fungu la kwanza likiwa juu na la tatu likiwa karibu na sifuri, umeshapata jibu kabla ya kufungua boneti.

Geji ya vakyumu nayo inasaidia, ila usiisome bila kufikiria mwinuko wa mahali. Injini inayoonyesha inchi 19 Mombasa au Dar es Salaam itaonyesha kama inchi 13 au 14 Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, na bado ni nzima. Hesabu inchi moja pungufu kwa kila mita 300. Sindano inayotulia chini ni uvujaji au taiming. Inayodunda kwa mpigo ni valvu au silinda moja.

Kutafuta hewa inayovuja

Hapa ndipo magari mengi hupona, kwa hiyo hapa usiwe na haraka.

Mahali pa tundu panabadilisha dalili. Tundu baada ya throtobodi, yaani gasketi za manifoldi, sili za injekta, hosi za vakyumu au hosi ya buusta ya breki, huumiza sailensi. Tundu kati ya turbo na throtobodi halisumbui sana sailensi kwa kuwa hapo hakuna mvuto mkubwa, lakini kwenye busti hewa iliyokwisha hesabiwa inatoka nje na unaona moshi mweusi. Tundu kati ya MAF na turbo husumbua pote. Kwenye EJ20 sehemu hii ya tatu ni ile hosi nene ya mpira inayopita chini ya manifoldi hadi kwenye turbo. Hupasuka upande wa chini, usikoweza kuuona, na mara nyingi hupasuka siku fundi alipoivuta kubadilisha turbo.

Njia ya uhakika ni kuijaza mifumo ya hewa kwa presha injini ikiwa imezimwa. Kifaa chake unakitengeneza mwenyewe: kifuniko cha bomba la plastiki kinachobana kwenye mdomo wa hosi ya kuingilia turbo, na valvu ya tairi lisilo na tyubu iliyopenyezwa kwenye tundu katikati yake.

1. Toa MAF na boksi la filta. Weka kifuniko kwenye mdomo wa hosi, kaza kwa klampu.
2. Ingiza upepo polepole hadi psi 5, kisha 8. Usizidi 10. Hewa hii inafika pia ndani ya injini kupitia hosi za kupumulia, na sili za krenki hazikutengenezwa kwa presha kubwa.
3. Sikiliza. Fuata "sss" kwa mkono, kisha nyunyiza maji ya sabuni na utafute povu.
4. Pitia kwa mpangilio: hosi ya turbo upande wa chini, BOV na gasketi yake, viungo vya intakula, throtobodi, gasketi za manifoldi pande zote mbili, sili za injekta, hosi za vakyumu, hosi ya PCV (valvu ya kupumulia injini).
5. Fungua mfuniko wa oili kidogo. Hewa kidogo ikitoka hapo ni kawaida, hupenya kwenye ringi. Ikitoka kama pampu, kumbuka hilo tukifika kwenye kompresheni.

Kama huna upepo, injini iwe inawaka na utumie chupa ya maji ya kunyunyizia. Tone la maji likiziba tundu kwa sekunde moja, RPM hubadilika. Wengi hutumia dawa ya kusafishia kabureta. Inafanya kazi, lakini turbo na bomba lake viko hapohapo vikiwa na joto la kuwasha moto. Ukiitumia, kizima moto kiwe mkononi mwa mtu wa pili, si kwenye buti. Na usifanye lolote kati ya haya ndani ya gereji iliyofungwa.

Boliti za manifoldi ya hewa zinakazwa Nm 25. Zikikazwa kwa hasira, alumini hupinda na gasketi mpya inavuja siku ya kwanza.

Catch can inahitaji sentensi yake. Ukichomoa hosi za kupumulia injini na kuziacha zipumue nje, ule mdomo uliobaki kwenye hosi ya turbo lazima uzibwe kwa kifuniko kinachobana. Kitambaa na tepu si kifuniko.

Na upande wa ekzosi: gasketi inayovuja kabla ya sensa ya oksijeni huvuta hewa ya nje katikati ya mipigo. Sensa inaona oksijeni, inadhani mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza, injini inaanza kunuka petroli. Masahihisho yatasema "mafuta kidogo" huku plagi zikiwa nyeusi tii. Ukiona mgongano huo, acha upande wa hewa, angalia hedazi na bomba linalopanda kwenye turbo.

BOV

Ile "pssshh" inauza vifaa vingi, na inaletea gari zenye MAF shida iliyo wazi. Hewa inayomwagwa nje imekwisha kupita kwenye MAF, kompyuta imekwisha kuitolea mafuta. Ukikanyaga klachi, mafuta yanaingia bila hewa yake, injini inasongwa, RPM inaanguka hadi 400 au inazima.

Jaribio lake ni la dakika kumi: rudisha BOV ya kiwandani, ile inayorudisha hewa kwenye hosi ya turbo, au ziba mdomo wa nje kama yako ni ya njia mbili na urudishe yote ndani. Tatizo likiisha, umemaliza. Chaguo ni kuiacha hivyo, au kubadilisha programu ya ECU ipime kwa presha badala ya MAF, kazi inayotaka mtu anayeijua.

Kosa la pili ni springi laini. Vakyumu ya sailensi inaivuta BOV ibaki wazi kidogo, nayo inaingiza hewa isiyochujwa. Injini ikiwa sailensi, weka karatasi nyepesi mdomoni pake. Ikivutwa, kaza springi au weka ngumu zaidi.

Bomba la hewa na injekta

MAF hupima kasi ya hewa inayopita kwenye waya wake, si hewa yote. Ukihamisha sensa kutoka bomba la milimita 65 kwenda la 76, eneo linaongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, hewa inapita taratibu zaidi, na sensa inaripoti takriban asilimia 27 pungufu. Hakuna kusafisha kutakakoponya hilo; ni programu mpya au kurudisha bomba la zamani. Kama kipenyo hakijabadilika lakini filta ni ya kupakwa mafuta, safisha waya kwa dawa ya MAF pekee, iache ikauke dakika 15, usiiguse kwa pamba wala brashi.

Injekta kubwa zina mtego wake. Kila injekta huchelewa kidogo kufunguka baada ya kupewa umeme, na muda huo lazima uwe kwenye programu. Kwenye sailensi, injekta ya cc 440 kwa dakika hufunguka kwa mafuta halisi kama milisekunde 1.5, ya cc 1,000 ni kama 0.66. Kosa la 0.1 kwenye ucheleweshaji ni asilimia 7 kwa ile ndogo, asilimia 15 kwa ile kubwa, na si kitu unapokuwa kwenye busti. Tena ucheleweshaji unaongezeka volti zikishuka. Kwa hiyo fanya hivi: injini ikiwa sailensi, rekodi masahihisho, kisha washa taa kubwa, feni na hita ya kioo cha nyuma. Volti zikishuka kutoka 14.2 hadi 13.2 na masahihisho yakaruka kwa 8 au 10, jedwali la ucheleweshaji si la injekta hizo. Mrudishie aliyekufanyia programu, na umpe namba za injekta zenyewe, si "ni za cc 1,000".

Moto

Toa kiunganishi cha injekta moja baada ya nyingine, si cha koili, ili petroli isiyoungua isiende kwenye ekzosi ya moto. Silinda nzima ikikatwa, RPM inashuka na kurudi. Ile isiyoleta tofauti ndiyo yako. Silinda 1 na 3 ziko upande wa kulia wa gari, 2 na 4 kushoto, namba ndogo ikiwa mbele.

Hamisha koili ya silinda hiyo iende nyingine. Mis ikihama nayo, koili. Isipohama, hamisha plagi. Isipohama tena, ni injekta au kompresheni. Nafasi ya plagi iwe milimita 0.7 hadi 0.8, busti ikiongezwa, shuka kuelekea 0.7 au chini yake kidogo. Kaza Nm 21, injini ikiwa baridi. Oili kwenye kisima cha plagi ni gasketi ya mfuniko wa valvu, na huua koili mpya kama ilivyoua ya zamani.

Waya wa ardhi hupimwa, hauangaliwi kwa macho: mita kati ya hasi ya betri na bloku ya injini, gari likiwaka na taa zimewashwa. Zaidi ya volti 0.2, safisha au badilisha.

Mafuta

Funga geji, chomoa hosi ya vakyumu kwenye regyuleta na uizibe. Isome psi 43 hivi. Ukiirudisha hosi, presha ishuke kwenye miaka ya 30. Isiposhuka, hosi ina tundu au regyuleta imekufa. Petroli ikionekana ndani ya hosi hiyo, ngozi ya ndani imepasuka na injini inanywa petroli mbichi kupitia manifoldi. Presha ikiwa ndogo, filta na kichujio cha ndani ya tangi kwanza, pampu baadaye. Na kama dalili zilianza baada ya kujaza kituo usichokizoea, chota kidogo kwenye chupa ya kioo: mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hunuka na kuacha unyevu wa mafuta kidoleni, maji hukaa chini.

Valvu ya sailensi, flaiwili, kamshafti

Kwenye EJ20 za kebo (throto inavutwa na kebo ya pedali), valvu ya sailensi hutolewa, husafishwa hadi bamba lake lizunguke bila kukwama, na kurudishwa kwa gasketi mpya. Sensa ya kulanti ikidanganya, valvu hata ikiwa mpya haijui ifanye nini: ipime, iwe kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na takriban 0.3 kwenye 80.

Skrubu ya kizuizi cha throto usiiguse. Fundi anayeipandisha ili "kuongeza sailensi" anaifanya kompyuta iamini mguu wako uko kwenye mafuta, na udhibiti wa sailensi haushiki tena kamwe.

Flaiwili nyepesi huangusha RPM haraka kuliko valvu inavyofunguka. Hakuna kipuri kibovu hapo. Programu iongezewe hewa wakati wa kuachia mafuta na sailensi ipandishwe hadi 900 hivi. Kamshafti kali nazo zitatikisa injini hata kila kitu kikiwa sawa. Kwenye RPM 950 hadi 1,050 hutulia kiasi. Anayetaka 700 laini arudishe za kiwandani.

Yakishindikana yote

Kompresheni: injini ya moto, plagi zote nje, fyuzi ya pampu ya mafuta nje, throto wazi kabisa, mizunguko 6 hadi 8. Tofauti kati ya silinda ni muhimu kuliko namba yenyewe; isizidi asilimia 10. Lile jaribio la kumimina kijiko cha oili usilitegemee hapa: silinda za Subaru zimelala, oili inakaa upande mmoja. Tumia kipimo cha kuvuja kwa upepo na usikilize: mdomo wa oili ni ringi au pistoni iliyovunjika, ekzosi ni valvu ya kutolea, mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Mwisho, kama mkanda wa taiming ulibadilishwa karibuni, ufungue tena. Alama za kulinganisha kwenye puli za EJ20 ni vile vistari, si mishale. Ule wa krenki uko kwenye jino la nyuma linalosomwa na sensa. Aliyefuata mshale amefunga mkanda nje ya taiming. Usiendelee kupiga stata ukishalishuku hilo: kwenye injini hii valvu na pistoni hugongana.